Bajaji Isiyozinduliwa

Haikuwa zamani, na wala si mbali. Ni nchi ninayoishi, ila jina lake siwezi kulitaja kwa sasa, kwa sababu liko bungeni linafanyiwa marekebisho. Nitasimulia kwa utaratibu. Nimeandika yale tu niliyoyaona mwenyewe, au niliyothibitishiwa na watu wawili, kila mmoja akiulizwa kwa wakati wake.

Tuna sheria nyingi, lakini inayopendwa kuliko zote ni Sheria ya Uzinduzi. Inasema, kwa kifupi, kwamba kitu chochote chenye manufaa kwa umma hakitatumika mpaka kizinduliwe na mgeni rasmi ambaye cheo chake kinalingana na ukubwa wa kitu chenyewe. Kisima huzinduliwa na mkuu wa wilaya. Daraja huzinduliwa na waziri. Hospitali ya rufaa humsubiri mtu mkubwa zaidi, na mtu huyo akiwa safarini, wagonjwa nao husubiri.

Sheria hii si mbaya kama wageni wanavyodhani. Inaleta heshima. Kule Mtoni kuna daraja zuri la zege lililokamilika miaka miwili iliyopita. Watu huvuka mto chini yake, maji yakiwafika magotini, na askari aliyewekwa juu ya daraja huwaonyesha mahali ambapo kina ni kifupi. Nilimwuliza kama kazi hiyo ina ugumu wowote. Akasema ugumu upo, kwa sababu kila asubuhi analazimika kupanda kwa ngazi ya mbao kufika kwenye lindo lake. Angepita kwa miguu kutoka ukingoni ingekuwa ni kulitumia daraja.

*

Jiji letu lilikuwa na moshi. Serikali ikaliona hilo, ikaanzisha Mpango wa Taifa wa Kuhamasisha Wakazi wa Jiji Kuhamia Vyombo vya Umeme. Pikipiki na baiskeli za umeme mia nne zikaagizwa kutoka ng'ambo. Zikafika, zikapangwa kwenye uwanja wa michezo kwa mistari iliyonyooka, kila moja ikafunikwa kitambaa cheupe. Zilipendeza. Ukiziona kutoka barabarani ungedhani ni watu mia nne wamekaa wakinyolewa.

Hamasa yenyewe ilifanywa na malori matatu ya dizeli yenye vipaza sauti. Yalipita mitaani kuanzia asubuhi, na maafisa hamasa wakisimama juu yake kututaka tuache mafuta. Walikuwa vijana wenye adabu. Mtaani kwetu, mama mmoja muuza vitumbua alimwuliza mmoja wao, huku akijifunika uso kwa khanga kwa ajili ya moshi wa lori.

"Mwanangu, hizo pikipiki ziko wapi?"

"Zipo, mama."

"Tunaweza kuzipanda?"

"Zitazinduliwa."

"Na kuziangalia?"

"Ukiwa nje ya uzio inaruhusiwa."

Uzinduzi uliahirishwa mara saba. Mara ya kwanza mgeni rasmi alikuwa kwenye mkutano wa vyombo vya umeme katika nchi ya nne aliyoitembelea mwezi ule. Mara ya pili utepe ulikuja mwekundu, na Wizara ya Mazingira ikataka wa kijani. Mara ya tatu utepe wa kijani ulikuja, mvua nayo ikaja. Mara nne zilizobaki sababu zake ziliwekwa kwenye bahasha, na bahasha hizo hazijazinduliwa.

Ili kuonyesha kwamba haitanii, serikali ilikuwa imetangaza pia kwamba siku ya uzinduzi ndiyo siku ambayo pikipiki na bajaji za mafuta zitakatazwa jijini. Uzinduzi ukaahirishwa kama nilivyoeleza. Katazo halikuahirishwa, kwa sababu katazo halihitaji mgeni rasmi. Tukatembea kwa miguu. Baada ya wiki sita wizara ikatangaza kwamba moshi umepungua sana, na kwamba wananchi wameupokea umeme kwa mikono miwili.

*

Mtaa wetu unaitwa Bondeni. Uko chini ya kilima, na kila kitu cha maana kiko juu au ng'ambo ya pili: soko, uwanja wa michezo, hospitali. Mtaani hapo anaishi Sikudhani Makwega, fundi wa kusuka mota. Miaka sita iliyopita alinunua bajaji ambayo injini yake ilikuwa imekufa. Akaitoa injini, akafunga mota ya mashine ya kunyanyulia mizigo iliyotupwa na wenye ghala, akaweka na betri zilizotolewa kwenye mnara wa simu. Anazichaji kwa jua, kwenye bati la nyumba yake. Hakumwuliza mtu. Hapakuwa na wa kumwuliza.

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, bajaji hiyo ilimpeleka Mwalimu Lugome hospitali. Mwalimu Lugome ni mstaafu, anaishi katikati ya kilima. Figo zake zote mbili zimekataa kazi, kwa hiyo damu yake husafishwa na mashine, saa nne kila anapokwenda. Muuguzi alikwisha kumwambia bila kumung'unya maneno: akikosa mara mbili mfululizo, asihesabu ya tatu.

Baada ya katazo, bajaji ya Sikudhani ilikuwa ndiyo chombo pekee kilichokuwa kikipanda kile kilima. Watu wakaanza kuiangalia kwa macho mapya. Akaja wa kwanza na bajaji yake ya mafuta, akamwomba ambadilishie. Wakaja wawili. Kufikia mwisho wa mwezi kulikuwa na bajaji kumi na moja zimepangwa mbele ya karakana, zimefunguliwa matumbo, na wenyewe wamechuchumaa kando wakijifunza kusuka waya. Nisingependa kutia chumvi, lakini nadhani hapo ndipo wakazi wa jiji walipohamasika.

Habari zikafika wizarani. Akatumwa Bwana Deusi Matengo, Afisa Uzinduzi Daraja la Pili, mtu mpole mwenye kalamu mbili mfukoni. Alikuja na lori la dizeli lenye bango la Mpango wa Taifa.

"Habari za kazi, Bi Sikudhani."

"Nzuri. Karibu kiti."

"Asante, sitakaa. Hiki chombo ni cha umeme?"

"Ndiyo."

"Kilizinduliwa na nani?"

"Nilikiwasha mwenyewe."

"Sijauliza aliyekiwasha. Mgeni rasmi alikuwa nani?"

Sikudhani akafikiri. Ni mtu wa kweli. "Siku ile nilikuwa peke yangu. Alikuwepo mbuzi wa jirani."

"Alikata utepe?"

"Alikula kamba ya turubai."

Bwana Matengo akaandika "Hapana." Kisha akaeleza, kwa upole uleule, kwamba chombo cha umeme kinachobeba wananchi ni kitu chenye manufaa kwa umma, na kwamba kimekuwa kikitumika kabla ya kuzinduliwa kwa muda wa miaka sita, jambo ambalo wizara haijawahi kukutana nalo na haina fomu yake. Kwa hiyo kitahifadhiwa. Bajaji ikapandishwa kwenye lori, ikapelekwa uwanjani, ikafunikwa kitambaa cheupe. Zikawa mia nne na moja.

"Mwalimu Lugome ana zamu Jumatano," Sikudhani alimwambia kabla lori halijaondoka.

"Nitaliandika," akasema, na akaliandika.

*

Kwa wiki mbili tulimpeleka Mwalimu kwa mkokoteni. Tulikuwa sita, wanne wakivuta na wawili wakisukuma. Tulitumia saa mbili kufika juu, na mara zote alichelewa zamu. Mashine ina foleni, kwa hiyo badala ya saa nne alisafishwa mbili na nusu, siku nyingine mbili. Miguu yake ikavimba. Viatu vyake vikakataa kuingia, akavaa ndala za mkwewe, nazo zikawa zinambana.

"Msininunie hivyo," alituambia siku moja tulipomteremsha. "Nilipokuwa nafundisha, mkaguzi alikuwa anabebwa hivihivi. Na yeye alikuwa mzima."

Katika wiki hizo mbili, tarehe ya uzinduzi ikapangwa kwa mara ya nane, na safari hii ikaonekana haitaahirishwa. Wahandisi wakatumwa uwanjani kuzijaribu zile mia nne. Wakafunua ya kwanza, haikuwaka. Wakafunua ya pili. Walipofika ya mia nne walikuwa hawaongei tena. Betri zilikuwa zimekaa miezi kumi na moja bila kuchajiwa hata mara moja, maana kuchaji ni kutumia, na zote zilikuwa zimekufa. Sikudhani alikuwa ameiandikia wizara barua tatu kueleza kwamba betri ikisahauliwa hufa. Alijibiwa kwamba barua zake zimepokelewa na zinasubiri.

Mhandisi mmoja, kwa kuwa ni mtu wa kumaliza kazi, akafunua ya mia nne na moja. Ikawaka.

*

Ijumaa ya uzinduzi uwanja ulijaa. Meza kuu ilikuwa na viti arobaini. Bajaji ya Sikudhani, iliyokwisha kupakwa rangi ya kijani, ilikuwa imewekwa mbele peke yake, na utepe umefungwa kati ya nguzo mbili zilizosimikwa mbele ya gurudumu lake. Ndani alikuwa amekaa Mwalimu Lugome. Wizara ilihitaji abiria wa mfano, na mtu aliyezoea kukaa kwenye chombo kile alionekana anafaa. Aliambiwa afike saa mbili asubuhi. Zamu yake hospitali ilikuwa saa nne. Aliahidiwa kwamba mgeni rasmi ataukata utepe saa tatu kamili, kisha Sikudhani atampeleka moja kwa moja kutoka uwanjani, na hilo nalo litakuwa ni hamasa.

Saa tatu ikafika, mgeni rasmi hakufika. Saa tatu na nusu mshereheshaji akatangaza kwamba yuko njiani. Ilikuwa kweli. Msafara wake ulikuwa na magari ishirini na sita, na barabara ya kuingia uwanjani ilijengwa kwa matarajio ya machache zaidi. Ili wananchi wasichoke, waziri, Mheshimiwa Dakta Injinia Balthazari Ndomba, akaombwa atoe nasaha. Akasimama, akaupa mgongo utepe, akatutazama sisi.

"Ndugu wananchi," akasema, "umeme ni nini? Umeme ni kimya. Chombo cha mafuta kinapiga kelele. Chombo cha umeme kinanyamaza. Nimetembelea nchi zilizoendelea, nchi kumi na tisa. Nikasikiliza. Sikusikia kitu. Nikajiuliza, hawa wameendeleaje? Nikagundua. Wamenyamaza. Serikali yenu sikivu imewaletea ukimya, na imewaletea bila ubaguzi."

Makofi yakapigwa. Ilikuwa saa nne kasorobo. Nilikuwa nimekaa mahali ambapo niliweza kumwona Mwalimu. Alikuwa anapumua kwa mdomo, na mkono mmoja ameushika ubavuni. Sikudhani alikuwa amewekwa kwenye kiti cha plastiki kando ya nguzo, na karatasi ya shukrani mikononi. Alimtazama Mwalimu, akatazama lango, akaikunja karatasi mara nne. Akainuka, akaenda akakaa kwenye usukani.

"Twende, Mwalimu?"

"Hawajaukata utepe."

"Nimeona."

"Basi twende," akasema Mwalimu.

Akairudisha nyuma, taratibu, akaizungusha, akapita kando ya mistari ya vitambaa vyeupe mpaka lango la pili. Watu wapatao elfu tatu walimwona. Bendi ilimwona. Waliokaa meza kuu wakiwa wameelekea upande ule walimwona. Hakuna aliyesema neno. Waziri aliendelea kutueleza jinsi chombo cha umeme kinavyoweza kupita nyuma ya mtu asijue.

Saa nne na robo mgeni rasmi akaingia, akapelekwa mbio kwenye utepe, akapewa mkasi, akakata. Nyuma ya utepe palikuwa na majani. Akayatazama majani. Wasaidizi wake wakayatazama. Lakini utepe ulikuwa umekatika, na utepe ukishakatika mbele ya mgeni rasmi sheria haina swali la ziada. Bendi ikapiga. Kesho yake magazeti yakatoa picha: mkasi, utepe, majani, na maneno "Enzi Mpya Yazinduliwa."

Mwalimu alisafishwa kwa muda wa saa nne nzima, hazikupungua hata dakika.

*

Jumatatu alipelekwa tena. Jumanne alasiri Bwana Matengo akaja. Nilikuwepo karakana, nimepeleka feni isukwe. Alikuja kwa miguu, viatu vimejaa vumbi. Baada ya ile Ijumaa wizara ilikuwa imeamua kwamba maafisa wake wawe mfano, wasipande chombo cha mafuta mpaka zile mia nne zizinduliwe. Zile mia nne zinasubiri betri mpya. Betri zikifika zitazinduliwa kwanza zenyewe.

Alikuwa na karatasi mbili. Moja ilikuwa cheti, Namba 0001, chenye mhuri. Nyingine alimsomea Sikudhani kwa sauti: "Mimi, Sikudhani Makwega, nathibitisha kwamba utepe ulipokatwa nilikuwa nyuma yake pamoja na chombo changu, na kwamba ndiyo siku niliyoanza kutumia umeme."

Akampa kalamu. "Ni sahihi tu, dada. Ukiweka, bajaji ni yako na cheti ni chako. Hakuna atakayekusumbua tena."

"Saa hiyo nilikuwa hospitali."

"Najua ulikuwa hospitali. Nilikuwa safu ya pili, nilikuona unatoka."

"Ukafanyaje?"

"Nikaangalia viatu vyangu."

Sikudhani akacheka kidogo. Kisha akauliza, "Nisipoweka?"

"Naichukua sasa hivi. Na kesho Jumatano, najua. Nililiandika." Hakusema kwa kutisha. Alisema kama mtu anayesoma ratiba.

Sikudhani akamwonyesha kwa kidole wale watu kumi na mmoja waliochuchumaa na waya zao. Walikuwa wameacha kufanya kazi. "Kama nimeanza Ijumaa, hawa wamefundishwa na nani?"

"Hao watasubiri uzinduzi wao."

"Na Mwalimu? Miaka sita amepanda hicho kilima. Nani alikuwa anampeleka?"

"Bi Sikudhani, sikuja kubishana na miaka. Nimekuja na fomu."

Akaichukua fomu, akaisoma mwenyewe kutoka juu mpaka chini, polepole, kama anavyosoma kila kitu. Nilitazama mkono wake wenye kalamu. Alijua, na sote tulijua, kilichokuwa kinasubiri Jumatano bila bajaji ile: mkokoteni, foleni, miguu ile. Akairudisha ikiwa haina alama hata moja.

"Sitaandika kwamba miaka sita yote sikuwepo," akasema. "Ichukue."

"Ufunguo?"

"Karatasi yako ya kuichukulia imesemaje?"

Bwana Matengo akaigeuza ile fomu, amri ya kuichukua ilikuwa nyuma yake. Iliandikwa chombo. Ufunguo haukutajwa. Na hata ungetajwa, alikiri, hajui kuendesha. Akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka ndani ya bajaji, akaanza kusukuma.

Wasiojua jiji letu niwaeleze jambo moja. Hapa, mtu akionekana anasukuma chombo, hahitaji kuomba. Anayepita huweka bega. Muuza maji huacha madumu yake, mwenye kanzu nyeupe hukunja mikono, na hata mnaogombana mtasukuma pamoja kisha mwendelee na ugomvi wenu. Nilikuwa sijawahi kuona hata siku moja mtu akisukuma peke yake Bondeni.

Siku hiyo niliona. Watu walikuwa wametoka, pande zote mbili za njia, labda mia. Walikuwa wamesimama tu. Hakuna aliyezomea wala kumzuia. Mama muuza vitumbua alivuta kiti chake nyuma ili gurudumu lipite, akakaa tena.

"Jamani," akasema Bwana Matengo, alipofika mahali mwinuko unapoanza.

"Tunakuona, baba," akajibu mama wa vitumbua.

Mota ile ya ghala ni nzito, na betri ni nzito zaidi. Alisukuma hatua ishirini, akaweka jiwe chini ya gurudumu, akapumua. Akasukuma kumi na tano, akaweka jiwe. Shati likamganda mgongoni. Tulimfuata, wote, kwa mwendo wake, mikono nyuma. Mimi nami niliiweka yangu nyuma, na haikuwa rahisi, kwa sababu mikono ya mtu wa kwetu hujiendea yenyewe.

Ilimchukua karibu saa nzima kufika mlangoni kwa Mwalimu Lugome, ambako ni katikati ya kilima. Mwalimu alikuwa amekaa kibarazani, miguu juu ya kigoda. Bwana Matengo akaweka jiwe, akakaa chini palepale, vumbini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Unakwenda mbali?"

"Uwanjani."

"Bado sana. Hapo mbele ndipo panapopanda kweli." Mwalimu akaita ndani, yakaletwa maji. Bwana Matengo akanywa vikombe viwili. Alitazama juu, akatutazama sisi tuliosimama, akaitazama miguu ya Mwalimu kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa hajawahi kuiona. Alikuwa ameiandika tu.

"Mwalimu," akasema, "kurudi nayo chini, si ni kuisukuma pia?"

"Hapana. Ukitoa jiwe itarudi yenyewe. Ila lazima ukae ndani ushike breki, huko chini kuna watu."

"Nikikaa ndani itakuwa ni kuitumia."

"Ndiyo," akasema Mwalimu.

Hakuna aliyemsaidia hata hapo. Aliinuka mwenyewe, akaigeuza mwenyewe, kwa shida, akalisogeza koti lake, akakaa kwenye usukani kama mtu anayekaa kwenye kiti cha mkubwa wake. Akatoa jiwe kwa mguu. Ikaanza kushuka. Watu walifungua njia, na ikapita katikati yetu bila kelele yoyote mpaka mbele ya karakana, ambako Sikudhani alikuwa amekwisha kurudi kwenye feni yangu.

Bwana Matengo akashuka. Akavaa koti, akaondoka kwa miguu na karatasi zake zote mbili.

Kesho yake, saa tatu asubuhi, bajaji ilipanda kilima na Mwalimu ndani. Nyuma yake zilipanda nyingine mbili, mikono ya wenyewe bado ina michubuko ya waya. Ijumaa zilikuwa tano. Hazijazinduliwa mpaka leo.